Somo la Yai: Kuwafundisha Watoto Wadogo Mapishi ya Mataifa

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili aliniomba niandike jambo ninalolijua kwa kulitenda, si kwa kulisoma tu. Basi nimechagua yai. Najua wengine watacheka, maana yai ni kitu kidogo, na kila mtu hudhani amekwisha kulijua. Lakini kwa mihula mitatu sasa, kila Jumamosi asubuhi, mimi na wenzangu wanne wa kidato cha 6 tumekuwa tukiwafundisha watoto wa Namuwongo, wenye umri wa miaka 6 hadi 9. Tumewapa kusoma, hesabu, usafi na nyimbo. Katika masomo hayo yote hakuna lililowashika kama somo la yai na jinsi mataifa mbalimbali yanavyolipika. Nataka kueleza tulivyolifundisha, ili mwanafunzi mwenzangu, au ndugu yetu aliyemaliza shule zamani na sasa ni mwalimu au mzazi, aweze kulifundisha pia mahali alipo.

Kwa nini yai?

Sababu ya kwanza ni kwamba yai lajulikana na kila mtu. Namuwongo ni mahali pa watu wengi. Wamo Waganda, Waacholi, watu wa magharibi, na watu waliotoka Kongo ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya nyumbani. Ukisema habari za muhogo, huyu aujua na yule haujui vizuri. Ukisema habari za yai, kila mtoto hunyosha mkono.

Sababu ya pili ni kwamba yai ni maabara ndogo. Shule isiyo na vyombo vya sayansi yaweza kupata mayai matatu, bilauri ya maji, na siki kidogo. Hivyo vyatosha kwa masomo mengi.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Uganda mwaka 2016, watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walionekana kuwa wafupi kuliko inavyopasa kwa umri wao. Ufupi wa namna hii hauji kwa ukoo tu. Mara nyingi huja kwa chakula kisichotosha na kwa maradhi ya mara kwa mara. Mji wetu una historia katika jambo hili. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Mulago walichunguza sana ugonjwa wa kwashiorkor, ambao huwavimbisha watoto miguu na kuwabadilisha nywele. Waliona kwamba mtoto aweza kushiba matoke kila siku na bado akaugua, kwa sababu matoke yana protini kidogo sana. Mwaka 1965 kilianzishwa pale Mulago kituo cha Mwanamugimu, ambako akina mama hufundishwa kuwalisha watoto kwa vyakula vya hapa hapa. Jina hilo latokana na methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutoka katika ngozi, yaani ngozi ya mnyama ambayo mama alimbebea mtoto mgongoni. Maana yake ni kwamba afya ya mtoto huanzia mikononi mwa mamaye. Basi kumfundisha mtoto habari za chakula si mchezo wa kupoteza wakati.

Sehemu ya kwanza: majina

Tulianza kwa kuwauliza watoto, "Nyumbani kwenu yai huitwaje?" Mganda akasema eggi, na yakiwa mengi amagi. Mtoto wa Kinyarwanda akasema igi na amagi. Mwenye Kiswahili akasema yai na mayai. Mimi nikawaambia kwamba kule Malawi husema dzira na mazira. Tukaandika yote ubaoni, nao wakaona wenyewe kwamba maneno haya yafanana kama ndugu wa tumbo moja. Kisha mtoto wa Kiacholi akasema tong gweno, nalo halifanani na mengine hata kidogo. Kwa hiyo, bila kutumia maneno mazito, watoto walipata fununu ya kwamba lugha zina koo zake kama watu.

Sehemu ya pili: kulitazama yai

Kabla ya kupika, lazima kutazama. Haya ndiyo majaribio tuliyoyafanya, na kila mwalimu aweza kuyafanya.

Weka mayai mawili mezani, moja bichi na moja lililochemshwa, usiseme lipi ni lipi. Yazungushe. Lililochemshwa huzunguka vizuri kama pia, na lile bichi huyumbayumba. Kisha yasimamishe kwa kidole na kukiondoa upesi. Lililochemshwa hutulia, lile bichi huanza kuzunguka tena lenyewe, kwa sababu maji yaliyomo ndani hayajasimama.

Tia yai katika bilauri ya maji. Likilala chini, ni jipya. Likisimama wima, limekaa siku nyingi kidogo. Likielea, ni la zamani, afadhali usilile. Sababu ni kwamba ganda la yai lina matundu madogo sana, maelfu kwa maelfu, yasiyoonekana kwa urahisi. Maji ya ndani hutoka kidogo kidogo kwa njia hiyo, na hewa huingia mahali pake, hata chumba cha hewa kilicho upande ulio butu kikawa kikubwa.

Tia yai jingine katika siki, uliache hata kesho au kesho kutwa. Utaona mapovu, kisha ganda lote litayeyuka, na yai litabaki limefunikwa na utando laini tu, ukiligusa lanesa. Ganda ni aina ya chokaa, nayo siki hula chokaa. Hapo twawakumbusha watoto kwamba kuku apataye chokaa kidogo hutaga mayai yenye ganda jepesi.

Mwisho livunje yai katika sahani. Waonyeshe kiini, ute mweupe, na zile kamba mbili nyeupe zilizosokotwa ambazo hukishika kiini kisiende upande. Watoto wengi hudhani kamba hizo ni mwanzo wa kifaranga. Sivyo. Hapa ndipo mtoto mmoja aliuliza, "Je, tukila yai, tunamwua kifaranga?" Tulimjibu kwamba mayai mengi yauzwayo madukani hutagwa na kuku wasiokaa na jogoo, nayo hayawezi kuanguliwa hata yakiatamiwa mwaka mzima. Yai lenye mbegu ya jogoo huhitaji joto la mama kwa siku 21 ndipo kifaranga atoke.

Wakauliza pia kwa nini kiini cha yai la kienyeji ni cha manjano sana, na cha yai la dukani mara nyingi ni cheupecheupe. Jibu ni chakula cha kuku. Kuku atembeaye hula majani mabichi na wadudu, na rangi ya majani huingia katika kiini. Rangi ya ganda, nyeupe au ya udongo, yategemea aina ya kuku, wala haibadili ladha.

Sehemu ya tatu: moto wafanya nini?

Nilichukua samli na yai, nikavitia motoni mbali mbali. Samli ikayeyuka, yai likaganda. Nikaviondoa vipoe. Samli ikaganda tena kama mwanzo, lakini yai halikurudi kuwa maji. Nikawauliza, "Kwa nini?" Walikaa kimya muda mrefu, na kimya cha namna hiyo chafaa, usikivunje upesi.

Maelezo ni haya. Ute wa yai una nyuzi ndogo sana za protini, kila moja imejikunja kama donge la uzi. Joto likifika kiasi cha nyuzi 60 na zaidi za Selsiasi, madonge hayo hukunjuka, nyuzi zikashikana na kusongamana, na maji yakanaswa katikati yake. Uzi uliosongamana hivyo haurudi tena kuwa madonge. Kiini huganda baada ya ute, kwa kuwa chataka joto zaidi kidogo.

Kuna jambo jingine la mji wetu. Kampala iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,200. Maji ya Mombasa huchemka kwa nyuzi 100, lakini yetu huchemka kwa nyuzi 96 hivi, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Kwa hiyo yai la Kampala lataka dakika moja au zaidi kuliko la Mombasa likiwa ukubwa mmoja. Sisi tulichemsha dakika 12, tukaona kiini kimeiva kabisa.

Sehemu ya nne: safari ya mataifa

Tulichora ramani ya dunia kwa chaki sakafuni, na watoto wakatembea juu yake, kila walipofika wakisimama kusikia habari.

Walianza nyumbani. Kule Sempaya, wilaya ya Bundibugyo, katika hifadhi ya Semuliki, kuna chemchemi za maji ya moto yafikayo kiasi cha kuchemka. Wageni hutia mayai na ndizi humo, vikaiva pasipo kuni wala makaa. Kisha wakaruka hadi Japani, ambako watu hufanya vivyo hivyo. Pale Owakudani, katika nchi ya Hakone, mayai hutiwa katika chemchemi yenye kiberiti, nayo maganda hutoka meusi kama mkaa, lakini ndani ni meupe. Mtoto wa Namuwongo akijua kwamba mtoto wa Japani na mtoto wa Bundibugyo wapika yai kwa njia moja bila ya kuonana, dunia kwake huwa si kubwa ya kutisha.

Kutoka hapo wakaenda China. Wachina wana njia ya kuliivisha yai la bata bila moto. Hulifunika kwa udongo uliochanganywa na jivu, chokaa na chumvi, wakaliacha majuma mengi. Ute huwa kama utomvu wa rangi ya kahawia iliyokolea, na kiini kikawa kijani cha giza. Watoto walikunja nyuso waliposikia. Nikawauliza, "Na mtu wa nchi nyingine akiwaona mnakula nsenene?" Wote wakacheka, maana nsenene hapa ni tamu kuliko nyama. Wakaelewa.

Uhajemi, au Irani, ilileta kicheko kikubwa kuliko zote. Huko kuna chakula kiitwacho kuku, nacho si ndege. Ni mayai yaliyopigwa pamoja na majani mengi ya kijani yaliyokatwakatwa, kisha yakakaangwa kama mkate mnene. Basi Mwajemi aweza kusema amekula kuku, na wala hakuna kuku aliyechinjwa!

Habeshi, watu hutia mayai yaliyochemshwa katika mchuzi mwekundu wa kuku uitwao doro wat. Ulaya zamani Wakristo walikatazwa mayai wakati wa Kwaresima. Kuku hawakujua habari za Kwaresima, wakaendelea kutaga, na mayai yakajaa. Ndiyo sababu mojawapo ya mayai kuwa chakula na zawadi ya Pasaka. Waajemi nao hupaka mayai rangi na kuyaweka mezani katika Nowruzi, sikukuu yao ya mwaka mpya, inapoanza majira ya machipuko. Tena wako watu wasiokula yai kamwe. Wahindu wengi, hata hapa Kampala, hawali nyama wala mayai, nao hupika keki bila yai hata moja. Tuliwaambia watoto kwamba kukataa chakula kwa imani au kwa nia ni jambo la heshima, wala si kichekesho.

Hispania hukaanga mayai pamoja na viazi, na Dar es Salaam wana chipsi mayai. Sisemi kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Mwenye viazi, mafuta na yai hufika penyewe.

Safari ikaishia tulipoanzia, katika rolex yetu. Kila mtoto aijua: chapati iliyoviringishwa na mayai ndani yake. Lakini hawakujua kwamba ndani ya chapati ile kuna historia. Chapati ililetwa Afrika ya Mashariki na Wahindi. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Wahindi wapatao 32,000 walichukuliwa kuja kujenga reli toka Mombasa hata Kisumu, na wengine wengi walifuata kwa biashara. Baadaye vijana wa Uganda walichukua chapati ya Mhindi, wakaitia yai, nyanya, kitunguu na kabichi, wakaiviringisha. Yasemekana mwanzo wake ni Busoga, na umaarufu wake ulitoka Wandegeya, ambako wanafunzi wa Makerere walihitaji chakula cha bei ndogo na cha upesi. Jina lake ni maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, yakitamkwa kwa haraka, na si saa ya mkononi. Mwaka 2016 ilifanywa hapa Kampala sikukuu ya kwanza ya rolex, na mwaka 2021, pale Kasokoso, Raymond Kahuma na wenzake walitengeneza rolex yenye uzito wa kilo zaidi ya 204, ikaandikwa kuwa kubwa kuliko zote duniani.

Nikawauliza watoto, "Kwa nini mwuzaji hutia nyanya na kabichi?" Wakasema, "Kwa utamu." Ni kweli, lakini iko faida nyingine. Yai lina protini kiasi cha gramu 6, lina mafuta, na vitamini nyingi, lakini halina vitamini C kabisa. Nyanya na kabichi zinayo. Basi yule mwuzaji wa kando ya barabara, pengine bila kujua, hukamilisha lililopungua katika yai.

Sehemu ya tano: msichana asiyekula

Jumamosi ya kupika, tulichemsha mayai na kumpa kila mtoto kipande. Msichana mmoja wa miaka 8 hakukipokea. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kwao mwanamke hali yai.

Wasomaji wengi mwajua asili ya jambo hili. Katika mila ya Buganda ya zamani, wanawake hawakula kuku, wala mayai, wala kondoo, wala samaki aina ya mmamba. Siku hizi desturi hiyo imefifia sana, na wanawake wengi wa Kampala hula mayai bila shaka yoyote. Lakini wapo bibi ambao hawajapata kuonja, na kwao neno hilo lingali lina nguvu.

Wenzangu wawili walitaka kumwambia msichana kwamba hayo ni mambo ya kale yasiyo na maana. Mimi nilikataa. Mtoto wa miaka 8 asiwekwe kati ya mwalimu na bibi yake avutwe huku na huku. Kwa hiyo jioni ile nilikwenda kwao pamoja na mwalimu mmoja mwanamke. Tulimkuta bibi ameketi mkekani, nikachutama na kumsalimu. Baada ya salamu ndefu kama ipasavyo, akauliza:

"Wajukuu zangu, mnawafundisha nini watoto wetu?"

"Jjajja, twawafundisha habari za vyakula vya mataifa. Leo tulipika mayai, na mjukuu wako hakula. Tumekuja kukuuliza wewe, maana wewe ndiwe unayejua."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wakati wetu kuku na yai vilikuwa vya wanaume. Mwanamke alimfuga, akampika, akatenga. Hatukuuliza."

"Je, Jjajja, hamkuona tabu?"

"Ningeonaje tabu ya kitu nisichokijua ladha yake?"

Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba mtoto anayekua huhitaji chakula cha kujenga mwili, awe wa kike au wa kiume, na kwamba msichana wa leo ndiye mama wa kesho. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi sili, wala sitaanza leo. Harufu yake tu hunichafua moyo. Lakini mtoto ana kinywa chake. Akitaka, na ale. Msimlazimishe."

Jumamosi iliyofuata msichana alichukua robo ya yai, akawatazama wenzake, akala, kisha akaomba chumvi. Msichana mwingine, aliyekuwa na sababu kama yake, hakula, na hatukumlazimisha. Mwalimu anayetaka kubadili jambo la chakula na aanze mlangoni kwa wazee, kwa adabu. Mara nyingi mwenye kushika mila huwa mwepesi wa kuilegeza akiulizwa kwa heshima, na mgumu akidharauliwa mbele ya wajukuu.

Sehemu ya sita: yai liuzwalo

Swali gumu zaidi lilitoka kwa mvulana mmoja. Alisema, "Kwetu kuku wapo watatu, lakini mayai ni ya kuuza." Hapo hakuna mila ya kulaumu. Mayai hayo hununua chumvi, sabuni na daftari. Nani atamwambia mama huyo asiuze?

Tulilifanya kuwa somo la hesabu. Kuku akitaga mayai 12 kabla ya kuatamia, mama aweza kufanyaje? Watoto wakatoa mashauri. Mmoja akasema auze yote. Mwingine akasema aatamishe yote. Msichana wa nyuma akasema, "Auze 6, aatamishe 4, wadogo wapewe 2." Tukahesabu kuku watatu wakifanya hivyo: mayai 18 ya kuuza, 12 ya vifaranga, na 6 kwa watoto wadogo wa nyumba. Si mengi, lakini si sifuri. Wazee walisema kuku havunji yai lake. Nasi tuseme mlezi asimsahau mwanawe anapohesabu fedha.

Tahadhari

Nisije nikaonekana nauza dawa, nataka kueleza kadiri ya jambo. Huko Ekwado, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2017, watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi 6, na ufupi wa kupita kiasi ukapungua karibu nusu wakilinganishwa na wenzao wasiopewa. Habari hiyo ilienea duniani. Kisha jaribio la namna hiyo hiyo likafanywa Mangochi, nchini Malawi, karibu na ziwa, na huko urefu wa watoto haukutofautiana sana. Watafiti walitaja kwamba watoto wa Mangochi walikuwa wakila samaki mara nyingi tangu zamani. Basi yai humsaidia zaidi yule aliyekosa chakula cha namna hiyo. Mwenye nkejje, maziwa au maharagwe na karanga za kutosha, tayari yumo njiani.

Kwa hiyo twawafundisha watoto chakula kiitwacho kitobero, ambacho mama wa Uganda huwapikia wadogo. Chukua chakula cha kushibisha, kama matoke au viazi. Tia maharagwe au karanga zilizosagwa. Tia yai, au unga wa nkejje, au maziwa. Funga katika jani la mgomba, upike kwa mvuke mpaka kila kitu kiive, kisha uponde. Mtoto wa miezi 6 na kuendelea aweza kulishwa. Yai la mtoto liive kabisa, maana yai bichi laweza kuwa na vijidudu vya kuleta homa na kuhara. Anayeshika mayai anawe mikono kwa sabuni. Na wako watoto wachache ambao yai huwatoa vipele au kuwavimbisha midomo. Hao wasipewe mpaka daktari awaone. Sigiri na mafuta ya moto vishikwe na wakubwa tu. Wadogo wapige mayai na kukata nyanya kwa kisu butu.

Maswali kwa wasomaji wa vidato vya chini

1. Kwa nini yai la zamani huelea majini?
2. Samli na yai vyatofautianaje vikipata moto, na kwa sababu gani?
3. Kwa nini maji ya Kampala huchemka kabla ya kufika nyuzi 100?
4. Rolex ina chakula gani kisicho ndani ya yai peke yake?
5. Nyumbani kwenu mayai hugawanywaje, na nani hupewa kwanza?

Swali la 5 halina jibu kitabuni. Mwulize mama, au bibi, wakati wa likizo, uandike jibu lake. Nanyi ndugu zetu mliomaliza shule, mlio walimu huko Masaka, Gulu, Busia na kwingineko, lijaribuni somo hili na mtuandikie kupitia gazeti letu mambo mliyoyaona. Sisi wa kidato cha 6 twaondoka mwaka huu. Daftari la somo, na ramani tuliyoinakili kwenye karatasi, tumewaachia wa kidato cha 5, na Jumamosi ijayo watakwenda Namuwongo pamoja nasi kujifunza njia. Mayai yatakayohitajika ni 10.